Picha ya Kumtafutia Mbwa Lupango

Nairobi, mtu anayetaka mbwa huenda Karen, kwenye kituo cha KSPCA, chama kilichoanza mwaka 1910, akapita mbele ya vizimba akachagua. Kampala kuna The Haven. Karibu na Arusha kuna Mbwa wa Africa. Hapa kwetu Lubudi, Kongo, hatuna nyumba ya namna hiyo. Mbwa asiye na mwenyewe yuko nyuma ya soko, yuko kando ya reli, yuko chini ya lori lililolala. Mwenye bahati yuko kwenye lupango, yaani uwanja wa nyumba, la mama fulani aliyemhurumia, anakula ukoko wa bukari, ugali wetu, na mama huyo anamuuliza kila mgeni kama nyumbani kwake hawahitaji mbwa.

Kwa hiyo ukijitolea kupiga picha wanyama wanaotafutiwa makao hapa kwetu, kazi yako si ileile ya mwenzako wa Nairobi. Kule picha humvuta mtu aje kituoni. Hapa picha ndiyo kituo chenyewe. Mnyama anabaki kwa mlezi wake wa muda, na picha inatembea simu hadi simu, kutoka Lubudi mpaka Fungurume, kutoka Fungurume mpaka Kolwezi, mpaka imfikie mtu mwenye nafasi, chakula na nia. Picha ikiwa mbaya, kwa watu wa Kolwezi mbwa huyo hayupo. Picha ikidanganya, atarudishwa kabla ya wiki kuisha, au atafunguliwa tu aende zake, katika mji ambao hajui hata pa kunywa maji. Mengine yote nitakayoeleza yanatoka hapo.

Kabla ya kutoa simu

Usianzie barabarani, anzia kwa watu. Kila mtaa una mama au kijana ambaye wanyama humfuata na majirani wanalijua hilo. Huyo ndiye mwenzako wa kwanza. Mbwa aliyekaa kwake wiki mbili ana habari za kusimulia: anabweka usiku au analala fofofo, anawavumilia watoto au anawaonyesha meno, anafukuza kuku au hawaangalii. Mbwa uliyemwona mara moja sokoni hana habari yoyote, na hutajua unamtangaza mnyama gani. Mtafutie kwanza mtu wa kukaa naye siku chache, ndipo umpige picha.

Uliza pia kama kweli hana mwenyewe. Malupango mengi hufungulia mbwa asubuhi, anazurura mchana kutwa, jioni anarudi kulinda. Ukimtangaza mbwa wa mtu kuwa ni yatima, utazua ugomvi utakaomaliza kazi yako mtaani kabla haijaanza. Hodi ya adabu inatosha: "Jambo yenu, Papa. Mimi ninatafutia wanyama makao. Huyu mbwa ni wenu? Mnaniruhusu nimpige picha?" Eleza mapema picha itakwenda wapi, na kwamba nyumba yao haitaonekana. Kama hawakujui, nenda na mtu wanayemjua, au pita kwanza kwa shefu wa mtaa.

Tahadhari hiyo si ya adabu tu. Tunaishi katika nchi ya madini, na mtu anayezunguka akipiga picha huulizwa maswali. Usielekeze simu kwenye kituo cha reli cha SNCC, kizuizi cha polisi, lango la kampuni ya madini, kiwanda cha saruji wala mahali popote penye askari, hata kama mbwa mzuri kuliko wote amelala hapohapo. Utaeleza mpaka jioni kwamba ulikuwa unapiga picha ya mbwa, na hakuna atakayekuamini. Mvute kando, kwenye ukuta wa tofali wa mtu aliyekuruhusu.

Halafu kichaa cha mbwa. Hapa sitafanya mzaha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu visa vyote vya ugonjwa huu kwa binadamu, hadi 99 kwa 100, hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, ni nadra mno apone. Mpiga picha hukaa chini, uso wake karibu na mdomo wa mnyama asiyemjua, mkononi ana chakula. Hakuna kazi ya kujitolea inayomweka mtu karibu zaidi na meno. Kwa hiyo: mbwa aliyebadilika ghafla tabia, anayedondosha mate, anayeyumba au anayeuma hewa na vijiti, si wa kupigwa picha. Ondoka, waambie majirani wawaingize watoto ndani, mpelekee habari daktari wa wanyama au ofisi ya kilimo na mifugo ya teritwari. Na mnyama yeyote akikuuma au kukukwaruza, hata mtoto wa mbwa, hata kidogo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Ukiamua kuifanya kazi hii kila mwezi, muulize daktari juu ya chanjo ya kutangulia, ile anayopewa mtu kabla hajaumwa. Kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha siku ya kupambana na ugonjwa huu. Siku hiyo ni nzuri kuomba mbwa wa walezi wako wachanjwe, maana wakubwa huwa tayari kusikiliza.

Simu inatosha

Kamera kubwa ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, Tecno au Itel ya kawaida inaifanya kazi, mradi ujue udhaifu wake. Wa kwanza ni kioo: mfuko wa suruali na vumbi letu huacha ukungu juu ya lenzi, na nusu ya picha ambazo watu husema "simu yangu haioni vizuri" ni picha za lenzi chafu. Beba kitambaa laini kisichofanya kazi nyingine, ufute kila unapobadilisha mnyama. Wa pili ni ule ukuzaji wa kutanua kwa vidole: hauleti mbwa karibu, unaharibu picha tu. Sogea wewe. Wa tatu ni taa ya simu. Nyuma ya jicho la mbwa na la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaowasaidia kuona kwenye mwanga hafifu. Ukiwasha taa, macho yanawaka kama ya jini, na mtu wa Kolwezi aliyekuwa karibu kuamua anaifunga picha. Izime, usiiwashe tena.

Usibonyeze mara moja ukangoja bahati. Baadhi ya simu ukishikilia kitufe cha picha hupiga mfululizo. Piga nyingi, baki na tatu, futa zilizobaki jioni ileile kabla hazijajaza simu.

Mwanga wa nchi yetu

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu miongozo mingi ya picha imeandikwa na watu wa nchi zenye mawingu.

Udongo wetu ni mwekundu, na udongo mwekundu chini ya jua ni taa nyekundu. Mwanga unagonga ardhi, unapanda, unaingia kidevuni na tumboni mwa mnyama. Mbwa mweupe anageuka rangi ya chungwa; wa kahawia anamezwa na ardhi, huoni anaishia wapi. Dawa yake ni kubadilisha kilicho chini yake: majani, sakafu ya saruji, hata gunia la kijivu lililotandikwa. Gunia lina faida nyingine pia. Mbwa wengi wakishazoea kulala juu yake, hutulia hapo, nawe una studio unayoikunja na kuibeba kwapani.

Jua la adhuhuri ni adui. Linasimama utosini, macho ya mnyama yanakuwa mashimo meusi, na bila macho huna picha. Kama umefika saa hiyo na mlezi hana saa nyingine, tumia mlango. Mweke mbwa ndani ya kizingiti, uso ukitazama nje, nawe ukae nje. Mwanga wa uwanja unaingia usoni mwake kwa ulaini, nyuma yake chumba kina giza, na vyombo vya watu havionekani. Kwangu mimi hakuna mahali pazuri kuliko mlango wa nyumba ya Katanga, na hapalipiwi. Mahali pa pili ni kivuli cha kichuguu, vile vikubwa vyetu vinavyoshinda nyumba kwa urefu: asubuhi upande wa magharibi wake una kivuli kipana, chenye mwanga mtulivu.

Majira nayo yana maoni yao. Kuanzia Mei hadi Septemba anga ni kavu na vumbi ni jingi, na mwezi wa Agosti moshi wa nyika zinazochomwa hulifanya jua la jioni kuwa jekundu mno. Basi piga asubuhi. Lakini asubuhi za Juni na Julai huku juu ni za baridi kweli, na mbwa anayetetemeka huonekana mwoga au mgonjwa. Ngoja jua lipande kidogo, umkute ameshaota. Kuanzia Novemba mvua inakuja na wingu lake, na wingu ni mwavuli wa mpiga picha: mwanga sawa kila upande, mchana kutwa. Watu huahirisha kazi kwa sababu ya mawingu. Mimi ningeahirisha kwa sababu ya jua.

Mbwa mweusi anahitaji aya yake. Husemwa kwamba huyu ndiye hubaki nyuma wenzake wakichukuliwa, na akibaki, huenda kosa si lake wala la watu, ni la picha: ukimpiga mbele ya ukuta mweupe, simu inaangalia ukuta, mbwa anabaki doa lenye masikio. Mtoe kwenye ukuta mweupe. Mpeleke mbele ya tofali au majani mabichi. Mgeuze mpaka mwanga umjie kwa ubavuni na uone nukta nyeupe ndani ya jicho lake; nukta hiyo ndiyo inayomfanya aonekane yu hai. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili simu ipime hapo, na uvute mwanga juu kidogo mpaka uone manyoya badala ya kivuli.

Macho, kimo, na mandhari

Shuka chini. Piga goti, kaa juu ya kibidoni kilicholazwa, lala kifudifudi ukiweza. Picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha mgongo na pua, na inamfanya kila mbwa aonekane anaomba msamaha. Lenzi iwe sawa na macho yake.

Watafiti wawili, Lampe na Witte, walichunguza picha za mbwa waliotangazwa kwenye mtandao huko Marekani wakachapisha matokeo mwaka 2015: mbwa walioitazama kamera, waliosimama, waliopigwa nje, walichukuliwa haraka zaidi, na picha zenye ukungu zilichelewesha. Kolwezi si Marekani, wala watu wetu hawachagui mbwa kwa sababu zilezile. Hata hivyo hilo la macho naliamini, na hilo la kusimama kwetu lina uzito zaidi, kwa kuwa mtu anayetafuta mbwa wa kulinda anataka kuona miguu, kifua na kimo.

Kumfanya atazame ni rahisi mara ya kwanza, na ni vigumu sana mara ya tano. Sauti ngeni, kama mfuko wa plastiki unaofinywa au mluzi mwembamba, humfanya ainue masikio na kuinamisha kichwa. Ukiirudia hajali tena. Kwa hiyo usiitoe sauti hiyo mpaka mwanga, gunia na kidole chako viwe tayari. Baada ya hapo tumia dagaa mmoja mkavu, umshike juu tu ya lenzi. Mpe akimaliza, usimdanganye. Mbwa aliyedanganywa hukupa kisogo.

Soma mwili wake. Anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba pua tena na tena, aliyegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, aliyekunja mkia tumboni, anakuambia imetosha. Weka simu, geuka ubavu, zungumza na mlezi habari nyingine kabisa. Mara nyingi mbwa atakuja mwenyewe kunusa, na picha nzuri ya siku huwa hiyo ya baada ya hapo. Asipokuja, rudi siku nyingine. Usimruhusu mtoto wa nyumbani kumshikilia kwa nguvu ili "asimame vizuri". Hofu inaonekana kwenye picha, na mtoto ndiye atakayeumwa.

Mnyororo ni jambo la kufikiria. Mnyororo mzito shingoni humwambia mtazamaji kwamba mnyama ni mkali, au kwamba anateswa. Lakini kumfungua mbwa karibu na barabara ya malori kwa ajili ya picha ni ujinga. Mfunge kwa kamba nyembamba, mlezi aishike akiwa nje ya picha. Kamba ikionekana, ionekane. Hakuna aliyekataa mbwa kwa sababu ya kamba.

Nyuma ya mnyama kuna nini? Sammy Baloji, mpiga picha wetu aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa kuchukua watu wa picha za zamani za kikoloni na kuwaweka mbele ya magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines; ukizitazama unaelewa jinsi mandhari yanavyoweza kusema mengi kuliko aliyesimama mbele. Kwa mbwa ni vilevile. Jaa la takataka nyuma yake linasema ni uchafu, hata kama ameogeshwa. Sufuria za mama zinasema mengine ambayo mama hakukuruhusu kuyasema. Ondoa pia kibao cha gari, jina la duka, namba ya lupango. Nyuso za watoto zisionekane bila ruhusa ya wazazi. Mkono wa mtoto juu ya mgongo wa mbwa unatosha kueleza kwamba anapenda watoto, kama kweli anapenda.

Picha tatu, na mambo yasiyofichwa

Kwa kila mnyama baki na picha tatu. Uso na macho. Mwili mzima akiwa amesimama, kando ya kitu ambacho kila mtu anajua kimo chake. Kibidoni cha lita 20 kinafaa sana, maana maneno "mkubwa kiasi" hayamwambii mtu chochote. Ya tatu ni mbwa akifanya kazi yake ya kila siku: amelala mlangoni, anamfuata mlezi kisimani, anatazama kuku bila kuwagusa. Ongeza video ya sekunde kumi akitembea, ili anayechechemea ajulikane. Usizidishe hapo. Mega ni pesa, na mtu wa Kolwezi hatafungua video ya dakika mbili kwa ajili ya mbwa asiyemjua.

Kovu lionyeshe. Jicho moja lionyeshe. Sikio lililoliwa na nzi, mguu uliovunjika ukaunga vibaya, meno ya mzee: yote kwenye picha, kwa mwanga uleule mzuri uliompa mwenzake mzima. Kuna kishawishi cha kugeuza kichwa ili upande mbaya usionekane, na wapiga picha wengi huuita ufundi. Anayempokea atauona upande huo siku ya kwanza, na atajiuliza ulificha nini kingine. Programu za kung'arisha picha ziachie watu wanaojipiga wenyewe.

Watoto wa mbwa ni jambo jepesi na la hatari. Jepesi kwa sababu hakuna picha yao mbaya. Hatari kwa sababu watu huwataka mara moja, wangali wananyonya. Wasitoke kwa mama yao kabla ya wiki nane, na maelezo ya picha yaseme tarehe hiyo. Piga kila mmoja peke yake, umfunge uzi wa rangi tofauti shingoni, uzi laini unaoachia ukivutwa. La sivyo mtu atachagua jike mweusi apelekewe dume. Piga tena baada ya wiki mbili, maana picha ya mtoto wa mbwa huzeeka haraka kuliko maziwa.

Paka usimtoe nje. Akishakimbilia paani, mlezi atamtafuta yeye huku wewe ukirudi nyumbani mikono mitupu. Mpige ndani, karibu na dirisha, jioni anapoanza kuchangamka, ukiwa umeketi chini muda mrefu bila kumwita. Boksi la sabuni lililowekwa wazi litamleta.

Maneno ya chini ya picha

Picha inasimamisha, maneno yanaamua. Andika kwa Kiswahili na uongeze Kifaransa, kwa kuwa wasomaji wako wa Kolwezi wametoka pande nyingi. Mfano wa kubuni:

"Jina: Simba. Dume, karibu miaka miwili, kimo cha kibidoni. Amechanjwa kichaa mwezi wa tatu, kikaratasi kipo. Anabweka mgeni akigonga, hamuumi anayepokelewa na mwenye nyumba. Hajazoea paka. Anachechemea asubuhi mguu wa nyuma wa kulia, baadaye anatembea sawa. Anakula bukari na dagaa. Yuko Lubudi. Hauzwi."

Usiandike "mpole sana" kama hujamwona akiguswa chakula chake. Usiandike "mkali sana" ili kuwafurahisha wanaotafuta mlinzi. Na kama hajachanjwa, sema hajachanjwa.

Namba ya simu iwe moja, nayo isiwe ya mlezi. Mlezi akianza kupigiwa usiku na watu wanaouliza bei, atakuambia umwondolee mbwa na picha zako. Zima pia uhifadhi wa mahali kwenye kamera ya simu, kisha tuma. Hali ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo irudie siku ambayo watu wamepumzika, na uwaombe madereva na wauzaji wa soko wanaokwenda Kolwezi waiweke kwenye zao. Hao ndio wanaojua nani ameibiwa kuku na nani amejenga lupango jipya.

Anayepiga simu

Tutajidanganya tukisema kila anayetaka mbwa anataka rafiki. Yupo anayetaka mlinzi, na hilo ni halali, mradi mbwa apate kivuli, maji na kutembezwa. Yupo anayetaka wa kuwinda. Na yupo anayetafuta nyama; nchi yetu kubwa ina mila nyingi za chungu, na hilo nalo lipo. Huwezi kulisoma kwenye sauti ya mtu, lakini maswali husaidia: Mbwa atalala wapi? Ulikuwa na mwingine, ilikuwaje? Ukisafiri, nani atamlisha? Anayetafuta nyama au biashara hukata simu swali la pili, au huuliza uzito. Usimkabidhi mbwa barabarani wala kwenye gari linalopita. Mtu aje mwenyewe, akae na mnyama, amwone mlezi. Akitoka mbali, mwombe naye akutumie picha: ya lupango lake, ya mahali mbwa atakapolala. Ulimpa picha za kweli. Naye akupe zake.

Pesa usipokee za mbwa. Mchango wa chanjo, sawa, upite mkononi mwa daktari.

Asiye wa kutangazwa

Siku moja mtu atakuletea nyani mdogo, kasuku wa kijivu, au mtoto wa sokwe aliyefungwa kamba kiunoni, akuambie umpige picha apate makao. Hapo kazi yako inageuka kinyume. Sokwe analindwa na sheria zetu, pamoja na ile ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014, na biashara yake kimataifa imepigwa marufuku. Kasuku wa kijivu naye aliingizwa kwenye marufuku hiyo mwanzoni mwa 2017. Picha ya mtoto wa sokwe mikononi mwa mtu, hata yenye maneno ya huruma, humfundisha mtazamaji kwamba mnyama huyo anafugika, na mtazamaji mmoja mwenye pesa anatosha kumfanya mwindaji arudi msituni. Wataalamu wa nyani wa IUCN walitoa mwongozo wa picha mwaka 2021 kwa sababu hiyohiyo: wasionekane wakiwa wameshikwa na watu.

Lubumbashi kuna J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara. Hakuna anayechukua sokwe nyumbani kutoka huko. Na Septemba 2022 watu waliingia usiku wakaiba sokwe watatu wadogo, wakadai fidia. Kwa hiyo mnyama wa porini usimweke kwenye hali yako, usimtumie rafiki, usitaje alipo hadharani. Piga picha moja ya ushahidi ukiweza bila kujihatarisha, umpelekee mtu wa ICCN, taasisi ya serikali ya uhifadhi, kisha ufute.

Baada ya kuchukuliwa

Siku mbwa anapoondoka, rudi kwenye kila mahali ulipoweka picha yake uandike "Amepata nyumba", na uwaombe waliosambaza wafanye hivyo. Picha ya mbwa ambaye hayupo huendelea kuleta simu kwa miezi, na kila anayeambiwa "ameshachukuliwa" hupoteza hamu ya kuuliza juu ya mwingine. Mwenye simu ya hivyo mpe jibu moja tu: picha ya mbwa anayengoja sasa.

Hifadhi picha zake tatu kwa jina na mwezi, hata kwenye daftari ukikosa nafasi kwenye simu. Mbwa hupotea, hasa wiki za kwanza, anapojaribu kurudi alikotoka. Picha ya mwili mzima kando ya kibidoni ndiyo itakayomtambulisha. Baada ya mwezi mmoja mwombe aliye naye picha mpya, yoyote, hata yenye ukungu. Mtumie kwanza yule mama aliyemlea, kabla hujaiweka popote, kwa sababu keshokutwa utarudi kwake na mbwa mwingine.